Kutoka sinia hadi meza ya wawili: historia iliyojificha katika maneno ya mlo

Wapo walimu wa Kiswahili wanaowaambia wanafunzi kwamba hoteli ni mahali pa kulala na mkahawa ni mahali pa kula. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba ‘tuliingia hotelini tukala chapati’, kalamu nyekundu inalipitia neno hilo na pembeni panaandikwa ‘mkahawani’. Sharti hili lina sura ya usafi wa lugha, lakini halina mizizi katika matumizi. Nenda Masimba, kituo cha biashara katika eneobunge la Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii, uulize pa kula. Utaelekezwa ‘hoteli ya pale chini’, na ukifika hutaona kitanda hata kimoja. Utaona mabenchi, birika kubwa la chai ya maziwa, mandazi ndani ya kabati la kioo na sufuria ya maharagwe. Mwenye nyumba atakuuliza, “Mnakula ama ni chai tu?” Lishike swali hilo, msomaji, maana tutalihitaji mbele.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba maneno tunayotumia kutajia pa kula na vya kula yameshika kumbukumbu ya jambo kubwa kuliko chakula, yaani nani aliruhusiwa kuketi na nani. Nitaanza na majina ya mahali, nipite kwenye vyombo tulivyolia, kisha nifike kwenye desturi ambayo bado ni changa kwetu, ya mke na mume kutoka jioni kwenda kula pamoja. Kiswahili cha leo kinahangaika kuipa desturi hiyo jina, ilhali Kiswahili cha jana kilikuwa na maneno yanayoifaa.

Tuanze na mkahawa. Neno hili limezaliwa na kahawa, nalo kahawa ni la Kiarabu, qahwa. Kinywaji chenyewe kilienea kutoka Yemen, ambako Masufi wa karne ya 15 walikinywa ili wakeshe katika ibada. Kufikia 1511, kahawa ilikuwa imeshamiri Makka kiasi kwamba Khair Beg, aliyeusimamia mji huo, aliipiga marufuku pamoja na mikusanyiko iliyoizunguka. Marufuku hayo hayakudumu. Katikati ya karne hiyohiyo nyumba za kahawa zilifunguliwa Istanbul, na mwaka 1652 London ikapata yake ya kwanza. Kotekote palikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyehitaji kuiandika ukutani, kwamba wanaoketi ni wanaume. Pwani yetu iliirithi kahawa pamoja na kanuni hiyo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale Jaws Corner, wanaume huketi hadi leo na vikombe vidogo vya kahawa chungu, wakijadili siasa na mpira. Mwanamke hupita akatoa salamu, akaenda zake.

Kwa hivyo neno mkahawa lilipobebwa kutoka pwani kuingizwa katika vitabu vya shule, lilibeba kinywaji na watu wake. Masimba halikuota mizizi, na sababu yake ni ya kihistoria. Si kwamba Wagusii hawakuijua kahawa. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kuikuza, ili walowezi wabaki na soko lao. Ni katika miaka ya 1930 ambapo wakulima wa Kisii, Embu na Meru waliruhusiwa kuipanda kwa majaribio. Musa Nyandusi, chifu wa Nyaribari, ambako ndiko Masimba iliko, alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Lakini kahawa hiyo ilikuwa ya kuuzwa. Ilichumwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikaenda. Mtu wa Masimba aliijua kahawa kama mche, gunia na malipo ya chama cha ushirika, si kama kikombe.

Alichokunywa ni chai. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa jirani, Kericho, tangu miaka ya 1920, na vijana wengi wa Gusii walikwenda huko kuchuma. Kisha wakulima wadogo nao wakaanza kuikuza. Baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964, chai ilitanda kwenye milima yetu hadi ikawa ndiyo sura ya nchi. Basi mahali panapouzwa chai pangeitwaje mkahawa? Labda ‘mchai’! Watu walihitaji neno jingine, na neno lililokuwa karibu ni hoteli.

Asili ya neno hoteli ni Kilatini, hospes, lenye maana ya mgeni na pia mwenyeji. Lilipita katika Kifaransa, likaingia Kiingereza, na njiani likazaa ndugu yake, hospitali. Maana ya kiini ni kumpokea mtu aliye mbali na kwao, awe mzima au mgonjwa. Nairobi, hoteli ya Norfolk ilifungua milango yake Desemba 1904, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kizungu. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, mfuaji au mhudumu. Huko Uhindi nako neno hili lilikuwa limezoeleka kuitia hata nyumba ndogo ya kula isiyo na kitanda, na miji yetu ya soko ilijaa wafanyabiashara wa Kihindi. Mimi huona kwamba njia hizi mbili zilikutana. Aliyehudumu katika hoteli kubwa alilileta jina nyumbani, na aliyefungua kibanda cha chai sokoni akalikuta liko tayari. Kitanda kikaachwa Nairobi, chakula kikabaki na jina.

Kituo cha utawala cha Kisii kilianzishwa mwaka 1907. Baada yake zikaja barabara, kodi, maduka, masoko na safari za kibarua. Hoteli ya sokoni ilikuwa jibu kwa mtu aliye njiani: anayekwenda Kericho, anayerudi na mshahara, anayeleta ng’ombe mnadani, anayesubiri kesi yake isikizwe. Katika miaka hiyo, mtu huyo aghalabu alikuwa mwanamume. Mwanamke alikuwamo hotelini, ndiyo, lakini jikoni. Dar es Salaam wamelihifadhi jambo hili ndani ya jina lenyewe. Mama ntilie ni sentensi ya mteja iliyogeuka cheo: “Mama, nitilie.” Anayesema anaketi, anayeambiwa anasimama na upawa.

Nilipokuwa mdogo Masimba, mama yangu alikuwa na siku zake za soko. Alishuka na ndizi kichwani alfajiri, akauza hadi jua likapinda. Hoteli ilikuwa hatua chache kutoka alipotandaza gunia lake. Simkumbuki akiingia. Akila, alikula hindi la kuchoma palepale, akiwa ameuelekezea mgongo umati, halafu akapanda mlima kwenda kutupikia. Baba aliporudi kutoka sokoni hakuwa na njaa. Fedha zilikuwa sababu, lakini hazikuwa sababu yote. Ilisemwa kwamba mwanamke anayekula hotelini amelishinda jiko lake, au limemshinda. Na mwanamke wa peke yake aliyeketi penye chai, sembuse penye bia, alipewa jina ambalo gazeti hili halitalichapa.

Tusilaumu hoteli peke yake. Ilichofanya ni kuhamishia sokoni mpango wa nyumbani. Boma la Kigusii la zamani, omochie, lilikuwa na nyumba za wake, nyumba ya vijana wa kiume na maghala ya wimbi yaliyoinuliwa juu ya ardhi. Kabla ya wakoloni kuyapiga marufuku mnamo miaka ya 1910, palikuwa pia na maboma ya ng’ombe, ebisarate, ambako vijana wa kiume walilala wakilinda mifugo na kuletewa chakula kutoka nyumbani. Mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, na jiko lake ndani yake. Alipika obokima wa wimbi, akausonga hadi ukashikamana, akaupakua ndani ya ekee, kikapu kilichofumwa kikawa kama sahani kubwa. Ekee ya wanaume ilikwenda kwa wanaume. Mama na watoto wadogo walikula yao. Mvulana alipokua alihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kuhama huko kulikuwa sehemu ya kuwa mtu mzima.

Nyuma ya mpango huu palikuwa na chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima zinazoongoza nani atazamane na nani, nani apishe nani, nani asionekane na nani akiwa katika hali gani. Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani walioishi Gusii kati ya 1955 na 1957, walilipa suala hili nafasi kubwa katika kitabu chao kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo, kilichochapishwa mwaka 1966. Kula ni mojawapo ya hali hizo. Anayekula hufungua kinywa, hutafuna, hulamba vidole; amejianika. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakupaswa kujianika hivyo mbele ya mwenzake. Mke na mume walikuwa na ukaribu wa aina nyingine, ila ukaribu huo haukuwa wa hadharani, na haukupitia ekee moja.

Wala haya hayakuwa ya milimani tu. Pwani, chombo chenye hadhi ya ekee ni sinia. Neno hili nalo lina safari yake. Kwa Kiarabu, siniya ni kitu cha Kichina, maana China huitwa Sin. Wali humiminwa katikati ya sinia, mchuzi na vitoweo vikawekwa juu au kandokando, na watu wanne au watano wakaketi mkekani kulizunguka. Kila mtu hula upande wake, na aliye na adabu humsogezea mwenzake kipande kizuri cha nyama. Ni mlo wa usawa kabisa, ila usawa wa walioketi tu. Arusini, sinia za wanaume huwa upande mmoja na za wanawake upande mwingine. Waliozunguka sinia moja ni wa jinsia moja na takriban wa rika moja.

Ushahidi wa zamani wa mlo wa aina hii tunaupata kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa ndani ya chano kikubwa cha mti. Juu yake paliwekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kisha kukawa na vyombo vingine vidogo: ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, ndimu na pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mgeni huyo alistaajabu kwamba mtu mmoja wa hapo aliweza kula chakula cha kundi zima la kwao. Zingatia, msomaji, kwamba sahani ndogondogo zenye ladha tofauti, za kuonjwa na kurudiwa kwa pamoja, zilikuwapo pwani hii karibu miaka 700 iliyopita. Kilichokuwa katikati yake, hata hivyo, ni wali. Sahani ndogo zilikuwa watumishi wa chano kikubwa.

Basi meza ya watu wawili ilitoka wapi? Neno meza tulipewa na Wareno, tangu karne ya 16, pamoja na desturi ya kula juu ya miguu minne. Lakini meza ndogo yenye viti viwili, kwa mke na mume, mahali ambapo si kwao, hiyo ni hadithi ya Paris. Katika miaka ya 1760, restaurant lilikuwa jina la supu nzito, ya kumrudishia nguvu aliyedhoofika. Nyumba za wageni za wakati ule zilikuwa na meza moja ndefu, saa moja na chakula kimoja kwa wote. Wauza supu walikuja na mtindo mwingine. Kila mteja alipewa meza yake, orodha ya vyakula yenye bei, na uhuru wa kula saa aipendayo. Jina likahama kutoka kwenye supu likawa la mahali, sawasawa na lilivyohama kahawa. Na jambo moja lilizungumzwa sana na wageni waliotembelea Paris, kwamba humo ndani wanawake waliketi wakala mbele ya watu, jambo ambalo nyumba za kahawa za London hazikuwa zimelizoea.

Mtindo wa sahani ndogondogo unaovuma sasa katika miji mikubwa una wazazi wengine. Uhispania kuna tapas, neno lenye maana ya vifuniko, vitu vidogo vinavyoandamana na kinywaji. Uturuki na Lebanoni kuna meze, kutokana na neno la Kiajemi la ladha. Wenye mikahawa ya kisasa walichukua mitindo hii, wakaondoa chano cha katikati, wakabakisha vitu vidogo peke yake. Nairobi mtindo huu umefika, na mwaka jana mimi na mke wangu tulikwenda kuuona. Tulikuwa tumetimiza miaka 20 ya ndoa na binti yetu alisisitiza tusile nyumbani.

Mhudumu, kijana mwenye heshima, alitutahadharisha mapema: “Mzee, mama, sahani zetu ni za kushirikiana.” Vikaja vipande vinne vya pweza, mishkaki miwili, bakuli la maharagwe yaliyopondwa, kachumbari ya parachichi, na viazi vitatu vilivyopangwa kama nyota. Mke wangu alitazama mezani, akatazama mlango wa jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Baba watoto, ugali umeachwa wapi?” Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Akanijibu papo hapo, “Wali wa kushiba huonekana kwenye sinia.” Tulicheka mpaka meza ya pili ikageuka.

Lakini kipande cha nne cha pweza kilipobaki kikisukumwa huku na huku, chukua wewe, hapana chukua wewe, niligundua kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Katika miaka 20, mimi na mke wangu tulikuwa tumekula maelfu ya milo katika nyumba moja, na karibu yote kila mtu na sahani yake, mara nyingi mimi na taarifa ya habari, yeye na jikoni. Mikono yetu haikuwa imezoea kukutana chomboni. Tulizungumza saa mbili unusu. Nilisikia mambo kuhusu kazi yake ambayo yalikuwa na umri wa miaka mitatu. Bili ilipokuja aliivuta upande wake akasema, “Wacha, hii ni yangu. Ya mwakani ni yako.”

Siku ya pili mama alipiga simu kutoka Masimba. Alitaka kujua tulikula nini huko kwa wakubwa. Nikamtajia kila kitu, hadi viazi. Akanyamaza kidogo. “Kwa hivyo,” akasema, “hamkula.”

Mama hakuwa anatania, na hapa ndipo swali la mwenye hoteli wa Masimba linaporudi: “Mnakula ama ni chai tu?” Kwa Mgusii, kula ni kula obokima. Unaweza kumaliza mkungu wa ndizi za kuiva, viazi vitamu na mandazi sita, na bado ukasema kwa dhati kwamba hujala tangu asubuhi. Kiswahili kinakubaliana naye. Neno kitoweo linatokana na kitenzi towea, kula kitu pamoja na chakula ili kiteremke vizuri. Kitoweo basi, kwa maana yake, hakiwezi kusimama peke yake; lazima pawe na kinachotowelewa. Tanzania neno mboga hufanya kazi hiyohiyo, hata nyama ikaitwa mboga, maana cheo chake ni kuandamana na ugali. Mkahawa wa sahani ndogondogo umeandaa vitoweo bila chakula. Si ajabu kwamba lugha, kama mama, inauliza chakula kiko wapi.

Je, tuviite nini? Vitafunio halifai sana, maana tumelizoea kwa mandazi na vibanzi vya kuandamana na chai. Kumbwe ni neno zuri la chakula kidogo kisicho mlo, ingawa vijana wachache wanalijua. Asusa ni kitu kidogo kinacholiwa kuondoa ukali wa pombe au uchungu wa dawa, na baa za Tanzania bado zinalitumia. Ndilo lililo karibu zaidi na tapas za Wahispania. Mtafsiri wa orodha ya vyakula anayeandika ‘sahani ndogo’ ameeleza chombo akasahau kilichomo. Asusa inatosha penye vinywaji, na penye mlo kamili sioni ubaya wa kusema vitoweo vya kushirikiana, ili mteja ajue mapema kwamba ugali haumo!

Gumu zaidi ni kitendo chenyewe. Siku hizi nasikia ‘kula nje’, tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kwa mama yangu, kula nje ni kula uani, kwenye nyasi, kama matangani. Na kwa watu wa ndoa neno ‘nje’ lina mashaka yake. Anayesemwa kwamba ana mambo ya nje hajasifiwa. Vijana wanasema ‘kumtoa auti’: “Jamaa alimtoa mkewe auti.” Tazama sarufi yake. Mwanamume ndiye mtenda, mke ndiye mtendwa, kama mbuzi anayetolewa zizini. Anayetolewa ni aliyekuwa ndani, na anayetoa ndiye mwenye ufunguo na mkoba. Historia yote niliyoisimulia, ya mkahawa wa wanaume na hoteli ya mwenye mshahara, imejikunja ndani ya kiambishi kimoja cha mtendwa.

Hata hivyo Kiswahili kina hazina nyingine. Kamusi zake kongwe, tangu karne ya 19, zina neno kikoa. Kula kikoa ni watu kula pamoja kwa zamu ya kuandaa: leo mwenzako amegharimia wote, kesho wewe, keshokutwa mwingine, na hakuna anayeitwa mgeni wala mfadhili. Zina pia kula bia, yaani kila mtu kutoa sehemu yake na wote wakala. Bia hii si ile ya chupa. Ni mzizi wa ubia, neno tunalolitumia leo kwa kampuni na mikataba mikubwa, na ambalo kumbe lina harufu ya jikoni. Watu wa pwani walipoyaunda maneno haya walikuwa wakisema juu ya marafiki na majirani, watu wa hadhi sawa waliozunguka chombo kimoja. Hakuna aliyefikiri kumwita mumewe au mkewe mwenzi wa kikoa, kwa sababu mke na mume hawakuwa wameketi hivyo.

Sasa wanaketi. Hii ndiyo nukta ninayotaka msomaji aibebe. Kipya katika mkahawa wa sahani ndogondogo si sahani. Ibn Battuta aliziona. Si kuchangia chombo. Sinia na ekee zimefanya hivyo karne nyingi. Kipya ni nani ana mkono ndani ya chombo hicho. Na jambo hili halihitaji pweza wala Nairobi. Siku hizi Masimba, mwisho wa mwezi, utawakuta mwalimu na mkewe, au mwendeshaji bodaboda na mchumba wake, kwenye benchi la hoteli, wakiwa na chapati mbili, dondo la kushirikiana na nusu ya matumbo. Hakuna anayegeuka kuwatazama. Mama yangu mwenyewe, akishuka kliniki na jirani yake, huingia pale wakanywa chai kwa zamu: leo huyu analipa, mwezi ujao yule. Anaita ‘kunywa chai’ tu. Kwa Kiswahili cha zamani hicho ni kikoa.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, tuwaache watu wa Masimba na hoteli yao. Kamusi zetu zimeshalikubali neno hilo kwa maana zote mbili, ya kulala na ya kula, na historia inaonyesha kwamba hawakulikosea. Walilipa maana iliyolingana na maisha yao, nayo mkahawa ikabaki kwa anayependa. Mwalimu atakayekuta ‘tulikula hotelini’ katika insha airuhusu kalamu yake nyekundu ipumzike, ikasahihishe makosa ya kweli. Pili, tunaposimulia jioni ya watu wawili waliooana, tuache ‘alimtoa’ na tuseme ‘walikwenda kula’, kwa nafsi ya wingi, kama ilivyokuwa. Na pale ambapo leo mume amelipa na kesho mke atalipa, tusitafute neno la kigeni. Tuseme walikula kikoa. Neno lipo, limekaa kamusini kwa zaidi ya karne moja likisubiri watu wa kulitumia.